Kitasa hakikuwa na kosa

Haya wandugu, nipo. Najua nimepotea, na wale mlionitumia meseji kuuliza kama nimeacha kuandika au nimedisko nawajibu hapahapa: sijaacha, na sijadisko. Bado. Kilichoninyamazisha wiki zote hizi ni mlango. Cheka tu, mimi mwenyewe mwanzoni nilikuwa nacheka.

Wanaokuja geto wanaujua. Kwa wengine: mwaka huu wa tatu nilikosa chumba hosteli, tukajikusanya watatu tukapanga Changanyikeni kwa mama mmoja mstaafu. Nyumba ni kubwa, na mama alipobaki peke yake akaigawa. Sisi tukaangukia iliyokuwa sebule. Ndo maana mlango wetu si mlango kama ya watu. Ni ule wa kuslaidi, vipande viwili vya kioo kwenye fremu za aluminiamu, kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, unatazama kibarazani. Ukiwasha taa usiku bila kuvuta pazia, mtaa mzima unakuona ukipiga mswaki. Zamani mbele yake kulikuwa na geti la nondo, lakini mama alilihamishia dukani kwake. Tulipouliza akasema ukuta upo na geti kubwa lipo, tuna wasiwasi gani?

Wenzangu nitawaita kwa majina tunayoitana: Mchumi, ambaye anasoma uchumi na anahesabu mpaka vijiti vya kiberiti, na Dada Mkuu, ambaye alikuwa dada mkuu sekondari na hajawahi kuacha.

Tulipohamia Novemba mlango ulikuwa mzito lakini unafunga. Kufika Januari ukaanza tabia. Unauvuta mpaka mwisho, unazungusha ufunguo, unagoma. Dada Mkuu akagundua kwamba ukishika mpini ukaunyanyua mlango kidogo, kama unavyonyanyua ndoo ya maji, halafu ukazungusha, unakubali. Basi ikawa ndo utaratibu. Nyanyua, sukuma, zungusha. Mgeni akija tunamfundisha. Ukawa mzito zaidi, tukapaka reli ya chini mafuta ya alizeti, yaleyale ya kukaangia mayai. Siku mbili ukateleza kama samaki, ya tatu ukawa mbaya kuliko mwanzo.

Sasa sikilizeni hapa, manake hapa ndo penye kisa chenyewe.

Pale nyumbani kulikuwa na kijana wa kazi. Anamwagilia bustani, anaosha gari la mama, anafungua geti. Umri kama miaka 19, mpole, katoka Turiani, kaletwa na mjomba wake anayeishi palepale mtaani. Alikuwa anatuita dada wote, hata mimi ninayemzidi miaka mitatu tu. Jumamosi moja tukafunga mlango ufunguo mmoja ukiwa ndani, wa pili Dada Mkuu kaondoka nao kanisani, na mimi nina kikundi cha majadiliano saa nne. Nikamwita. Akaja na ndala zake, akaangalia, akaweka kiganja kwenye fremu ya mlango karibu na kitasa, akaubonyeza chini na kuutikisa mara mbili. Ukafunguka. Hakuvunja kitu, hakutumia bisibisi. Tukabaki midomo wazi.

Akasema hivi, na ninayakumbuka maneno yake neno kwa neno: "Dada, huu mlango ulikuwa haujafunga, umejiegesha tu. Rola zimekufa. Mwambieni mama alete fundi wa rola."

Tukampa soda, tukamshukuru. Tulipobaki wenyewe tukasema kitasa kimekufa. Kwa nini tuliacha alichosema tukachukua tulichodhani sisi? Nimejiuliza sana. Jibu langu si zuri: alikuwa kijana wa bustani, na sisi ni wanachuo.

Mama tukampelekea habari za kitasa, akasema vifaa vidogovidogo ni vya mpangaji. Bumu lilikuwa limeingia juzi yake, kwa hiyo tukachanga, na mimi nikajitolea kwenda Kariakoo. Nilipanda mwendokasi mpaka Gerezani nimesimama njia nzima, kitasa cha zamani kimefungwa kwenye gazeti ndani ya mkoba. Hili nililipatia: vitasa vya aluminiamu havilingani, inabidi upime umbali kati ya matundu ya skrubu, unene wa fremu, na ndoano inatazama wapi, juu au chini. Ukienda kwa kukadiria utarudi na kitu cha kuwekea mlangoni kisiingie. Duka la tatu nikapata pacha wake kwa 22,000.

Nikakifunga mwenyewe. Skrubu moja ilikuwa imeng'ang'ania mpaka nikavunja ncha ya bisibisi. Aluminiamu yenyewe haipati kutu, lakini skrubu za chuma ndani yake zinapata, na huu upepo wetu wa bahari unazila polepole. Nilimaliza saa kumi jioni, nikapiga picha, nikamtumia baba. Baba akajibu: "Hongera injinia." Mimi nasoma Kiswahili na historia jamani, kwikwikwi, lakini siku ile nilitembea kama injinia.

Ufunguo mpya ulizunguka laini kabisa. Ule wa zamani ulikuwa unagoma usiponyanyua mlango, huu haugomi. Unazungusha, unasikia "kwa", umemaliza. Tukaacha kunyanyua.

Wiki mbili baadaye, Jumatano, umeme ulikatika jioni. Mchumi alikuwa maktaba, Dada Mkuu kwa shangazi yake Tegeta. Mimi nikatoka wa mwisho kwenda kuchaji simu na kusoma chuoni. Nilifunga. Nilivuta mlango, nikazungusha, nikasikia "kwa", nikatia ufunguo mfukoni. Niliporudi saa tatu na nusu mlango ulikuwa wazi upana wa mtu kupita kiubavu, pazia linapepea nje. Laptopu ya Mchumi hakuna. Ya kwangu nilikuwa nayo mgongoni.

Ndani ya ile laptopu kulikuwa na utafiti wake, sura tatu. Kwenye flashi alikuwa na sura ya kwanza tu, toleo la Desemba. Mchumi hakulia. Alikaa kitandani akasema, "Nilikuwa nimeshamaliza majedwali," halafu hakusema kitu tena mpaka asubuhi.

Kitasa kilikuwa kizima. Hakuna mkwaruzo, hakuna kioo kilichovunjika. Mama akaja, majirani wakaja, na swali likawa moja: nani anajua kuufungua huu mlango bila ufunguo? Nadhani mmeshaona linakoelekea.

Tuliitwa serikali ya mtaa siku ya pili yake. Mwenyekiti akauliza kama ni kweli kijana aliwahi kutufungulia mlango uliofungwa. Dada Mkuu akanitazama. Nikasema, "Ndiyo, aliufungua kwa mkono." Ilikuwa kweli. Akauliza kama nilifunga Jumatano. Nikasema nilifunga, tena kwa kitasa kipya. Kijana alikuwa amesimama pembeni ya kabati la mafaili, mikono nyuma. Akasema, "Mimi niliwaambia rola." Hakuna aliyejua anaongelea nini, na mimi niliyejua nilinyamaza.

Akalala kituoni siku mbili. Chumba chake kikapekuliwa, hakikukutwa kitu, akaachiwa. Mama akampa nusu ya mshahara wa mwezi, akamwambia arudi kwao. Aliondoka alfajiri na begi la mgongoni. Hatukuamka kumuaga.

Basi baada ya hapo tukawa hatulali. Mnajua kulala nyuma ya kioo ambacho kimeshaingiliwa? Paka akipita kibarazani wote watatu tunakaa kitako. Tulisogeza kabati mlangoni, tukaanza kutokea dirishani kama wezi wenyewe. Mwisho Dada Mkuu akasema imetosha, aitwe fundi wa kweli, na safari hii injinia akae pembeni.

Fundi tulimpata kwenye karakana ya aluminiamu barabarani, mzee wa makamo, maneno machache. Nikamwonyesha kitasa. Hakukigusa. Aliusukuma mlango kwenda na kurudi huku ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha akapiga goti akatazama nafasi kati ya mlango na reli. Upande wa kitasa mlango ulikuwa umekaa chini kuliko upande wa pili. Ukishaambiwa unaiona hata kwa macho, na sisi tumeishi nayo miezi minne.

Akaomba kitu chochote cha rangi kinachopaka. Dada Mkuu akatoa lipstiki. Fundi akafungua mlango, akazungusha ufunguo ili ndoano itokeze, akaipaka lipstiki kwenye ncha, akairudisha. Akafunga mlango, akazungusha, "kwa" ileile. Akafungua tena, akaniita, "Binti, njoo uangalie alama iko wapi."

Ngoja nieleze kwa asiyewahi kuuona mlango wa hivi umefunguliwa. Ndani ya kitasa kuna ndoano. Ukizungusha ufunguo inatoka, inaingia kwenye tundu la kibati kilichopigwa skrubu kwenye fremu ya ukutani, halafu inapinda kwenda juu na kushika nyuma ya kile kibati. Kushika huko nyuma ndo kufunga kwenyewe. Kwa hiyo lipstiki ilitakiwa ikutwe nyuma ya kibati, juu ya tundu. Haikuwepo. Ndoano ilikuwa inaingia kwenye tundu, inapanda, na inaishia hewani kabla ya kufika kwenye ukingo wa kushika. Ilikosa kama upana wa penseli. Sauti ya "kwa" ilikuwa ni kitasa chenyewe kumaliza mzunguko wake. Hakijui kama kimeshika kitu au kimeshika upepo.

Nikamuuliza, na cha zamani? Akacheka kidogo. "Cha zamani ndo kilikuwa kinawaambia ukweli. Kilikuwa kinagusa kibati kinagoma. Mkakitupa."

Nilikwenda kukaa kwenye ngazi.

Lakini kazi ilikuwa inaendelea, nikarudi kushika kioo manake ni kizito. Ili kuutoa mlango unaunyanyua mpaka uingie vizuri kwenye mfereji wa juu, halafu unauvuta sehemu ya chini kuja kwako. Tukaulaza kwenye godoro langu. Chini yake, kila kipande kina rola mbili, vigurudumu vidogo vya plastiki ngumu vyenye beringi ndani. Za kwetu zilikuwa hazizunguki. Moja ilisagika upande ikawa bapa kama sarafu iliyokatwa, na zote zimejaa mchanga, nywele zetu (aibu), na uji mweusi wa mafuta ya alizeti uliogandisha vumbi lote la Changanyikeni. Fundi akaunusa akasema, "Mlikuwa mnaukaanga." Mafuta ya kupikia usiweke kwenye reli. Yanateleza siku mbili, halafu yanakamata vumbi na kuwa msasa. Reli inataka brashi, maji ya sabuni, ikauke, na ukipenda upulize silikoni kidogo ambayo haishiki vumbi.

Akafunga rola mpya nne, 5,000 kila moja. Kwenye ubavu wa mlango, chini kabisa, kuna tundu dogo ambalo siku zote nilidhani ni la kutolea maji. Ndani yake kuna skrubu: ukiikaza, rola inasukumwa chini na mlango unapanda, ukiilegeza, unashuka. Akaikaza nusu mzunguko, akafunga, akatazama lipstiki. Robo mzunguko tena. Mara ya tatu alama ikatokea nyuma ya kibati, nyekundu, mahali pake. Akanipa ufunguo nijaribu. Nikafunga, akauvuta kwa nguvu zote, akaubonyeza chini, akautikisa. Haukutoka.

Juu, ndani ya mfereji, akapiga skrubu vipande viwili vidogo vya aluminiamu ili mtu wa nje asiweze kuunyanyua na kuuchomoa. Kwa ndani akatukatia mti wa ufagio ulale kwenye reli, na akatusisitiza uwekwe tukiwa ndani tu, tena kila mmoja ajue kuutoa gizani, moto ukitokea. Kazi ilichukua saa mbili. Ufundi 25,000. Yaani rola na ufundi 45,000, na laiti tungemsikiliza mtu tuliyempa soda, ingekuwa mwezi mmoja mapema na bila kununua kitasa.

Fundi alipoondoka Mchumi alikuwa anausukuma mlango kwa kidole kimoja, kwenda, kurudi. Nikawaambia. Kwamba Jumatano ile nilizungusha tu, sikuuvuta kuujaribu, na kwamba hata ningeujaribu, mlango haukuwa unafunga tangu nilipoweka kitasa changu. Mtoto wa darasa la pili angeingia. Na kwamba pale ofisini mwenyekiti aliponiuliza nilijua "rola" maana yake nini, nikanyamaza kwa sababu ningesema ningekuwa mimi niliyeacha nyumba wazi. Mchumi akaacha kusukuma mlango. Akasema, "Laptopu yangu tutaiongelea siku nyingine. Nenda kwa mama."

Nilikwenda jioni. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu chai. Nikamweleza yote, na ile rola bapa nimeibeba mkononi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya, yameshapita." Nikasema mama, hayajapita kwake. Akasema, "Na wewe unajua kwamba si yeye?"

Hapo nilikwama, na nitawaambia ukweli kwamba mpaka leo nimekwama. Sijui nani aliingia. Inawezekana ni yeye, kama inavyowezekana ni mtu yeyote aliyeruka ukuta akajaribu milango. Ninachojua ni kwamba sababu tuliyomkamatia, ile ya "yeye pekee ndiye anajua", haikuwepo. Nilimwambia mama hivyohivyo. Alikaa muda anakoroga chai isiyo na sukari. Kisha akatoa simu akanipa namba.

Ilichukua siku tatu kupatikana, huko aliko mtandao ni wa kubahatisha. Nilipomwambia jina langu alinyamaza, nikadhani kakata. Nikaeleza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akauliza, "Rola ngapi zilikuwa zimekufa?" Nikasema zote nne. Akasema, "Nilijua."

Nikamwambia nataka kumtumia hela kidogo, akakataa. Akasema nusu ya mshahara iliyobaki ni deni la mama na si langu. Alichotaka ni kimoja: nirudi kwa mwenyekiti nikaseme yale niliyomwambia yeye, mjomba wake akiwepo, kwa sababu mjomba bado anaishi pale na watu wanamnyooshea kidole kwamba alileta mwizi mtaani.

Nilikwenda Jumatatu. Dada Mkuu alinisindikiza, bila kuongea, kitu ambacho kwake si kawaida. Mjomba alikuja na kofia mkononi. Nikaweka rola mezani, na karatasi niliyoichorea ndoano na kibati, nikaanza: "Mzee, siku ile uliniuliza kama nilifunga." Mwenyekiti akaandika kwenye daftari lake. Mjomba akaiokota rola, akaizungusha kwa kidole, haikuzunguka. Akauliza kama anaweza kuichukua. Akaiweka mfukoni akaondoka.

Mama alimtumia kijana ile nusu iliyobaki wiki iliyopita, Mchumi aliona meseji. Kurudi hajasema kama atarudi. Laptopu haijapatikana. Mchumi anaandika upya sura ya pili kwenye laptopu yangu kuanzia saa mbili usiku mpaka saa saba, ndo maana blogu hii imekuwa kimya, na ndo maana haya nayaandika alfajiri yeye akiwa amelala. Majedwali anayakumbuka kwa kichwa, yule binti si mtu wa kawaida. Mwenye flashi kubwa ambayo haitumii anitafute.

Nimechungulia sasa hivi, mti wa ufagio upo mahali pake. Tesiti ni saa mbili. Naenda kupasha maji.